Kiti cha Bibi Karibu

Wiki ya pili baada ya mazishi ya Bibi, muuza maziwa alipita mlangoni akajibu, "Nzuri, bibi, sijui wewe?" Kisha akakiona kiti kitupu, na chupa ikamponyoka.

Bibi alizoea kukaa hapo, kando ya cherehani ya mjukuu wake, akichambua maharage na kuwakaribisha wapita njia bila kuinua kichwa. Mtaa mzima ulimwita Bibi Karibu. Awe mlevi, awe mgomvi wake wa jana, ilikuwa ni "Pita ndani. Mbona umekonda, mkeo kafungia sufuria?"

Sasa sauti ile ilikuwa imerudi. Mjukuu aliisikia chini chini, nyuma ya mlio wa sindano, ikija na harufu ya nywele zilizoungua. Lakini kilichomtisha zaidi kilikuwa hali ya mama yake, binti pekee wa Bibi, aliyeburuta mkeka hadi miguuni pa kiti akawa anashinda hapo, bila kula wala kulala, anacheka peke yake, na kila alipoletewa uji aliusogeza mbele ya kiti, na kila jioni bakuli lilikutwa kavu, na mifupa ya mabega ya mama ikazidi kuchomoza.

"Mama, kula, nakuomba."

"Shh. Mama yangu anaongea."

Mjukuu akamwita mganga, mwanamke mzee aliyekuwa rafiki wa Bibi tangu usichana. Alinusa hewa, akachuchumaa mkekani kando ya mama.

"Mwanangu, mama yako alikaribisha bila kutazama. Siku moja kilipita kitu kisicho mtu. Kimekaa humu miaka yote kikimsikiliza. Kinajua kila alichosema."

"Ni yeye," mama alinong'ona.

"Basi kiulize jambo alilokufanyia bila kusema neno."

Mama alikigeukia kiti. "Siku nilipomzika mtoto wangu wa kwanza, ulinifanyia nini, mama?"

"Nilikwambia pole, mwanangu," kiti kikajibu upesi. "Nilikwambia Mungu atakupa mwingine."

Mama akafumba macho. Siku ile Bibi, aliyekuwa na neno kwa kila mtu, hakusema chochote. Alimwosha miguu tu, taratibu, mpaka maji yakapoa.

"Kiliingia kwa kukaribishwa," mganga alisema. "Kitatoka kwa kuagwa, na wa kukiaga ni wewe uliye damu yake."

"Nikikiaga, sauti yake sitaisikia tena."

"Hutaisikia."

Mama aliegemeza shavu kwenye kiti. "Kwaheri," akasema.

"Hata mimi nilimpenda," sauti ikajibu, na safari hii haikuwa ya Bibi. Ilikuwa nyembamba, kama ya mtoto aliyeachwa njiani. Kisha harufu ikakatika.

Jioni ile mama alikunywa uji. Asubuhi yake muuza maziwa akabisha, "Hodi!" Mama akafungua kinywa, akasita, akainua kichwa kumtazama kwanza, ndipo akasema, "Karibu."

Mjukuu, aliyekuwa hajalia tangu msiba utokee, akaondoa mguu kwenye pedali ya cherehani, akalia.