Mate Yasiyokauka

Jua lilikuwa mgongoni mwao, saa kumi na moja na nusu hivi, tairi ya nyuma ya Mkamburi ilipotoa pumzi yote.

Fsss...

Kisha kimya. Yeye na jirani yake Mbithe, wanawake wawili wa Kaloleni, mtaa wa mji wa Voi, walikuwa wametoka Taveta alfajiri kwa baiskeli. Safari yao ya kwanza ndefu namna hiyo. Maktau walishaiacha nyuma, Voi bado iko mbali, na gundi ya pancha imekauka ndani ya kichupa.

Mbithe akashauri wasimamishe gari. Mkamburi akakataa kata kata. Mumewe, Harrison, alikuwa ameshawatangazia watu wa mtaa, huku akichokonoa meno, kwamba mkewe atarudishwa na pikapu, amelala juu ya kreti za nyanya. Basi Mkamburi alikuwa ameapa mbele ya wote: atafika kwa miguu yake mwenyewe, au asifike.

Harufu ndiyo iliyotangulia. Maziwa yaliyosahaulika kibuyuni, yamechanganyika na unyoya uliochomwa.

Bibi kizee ameketi kando ya lami, kama hatua kumi hivi kutoka kwao. Leso imemfunika kuanzia kiunoni hadi chini. Mbithe anaapa mpaka leo kwamba waliposimama pale hapakuwa na mtu.

"Lete gurudumu," bibi akanong'ona.

Mkamburi akamwamkia kwa adabu, akampelekea. Mafundi wote hutafuta tundu kwa maji, na maji yakikosekana, kwa mate. Hilo si ajabu. Lakini huyu hakutema. Aliuchomoa mpira wa ndani, akaulamba. Aliuzungusha taratibu mdomoni, kidole kwa kidole, kama ng'ombe anayelamba ndama wake, na mate yakavutika kama bamia, manjano, yana vipande ambavyo Mbithe hakutaka kuvitambua. Povu lilipochemka mahali palipotoboka, bibi akacheka kwa pua.

Akaingiza mkono chini ya leso. Akakunja uso kidogo.

Tk.

Mkono ukatoka na kiraka laini, ukubwa wa kifuniko cha soda. Akakibandika. Kikashika bila gundi.

"Leteni magoti sasa."

Wadawida, yaani Wataita, wana desturi yao ya kutasa. Mzee hujaza kinywa pombe ya miwa, akakupulizia pamoja na maneno mema, hasira itoke, njia iwe nyeupe. Ni heshima kubwa, na haipanguswi. Ila anayekutasa ni mtu wa nyumba yenu, unayejua jina lake na la mamake. Mkamburi amelelewa hivyo Bura, analijua hilo kama ajuavyo kula. Lakini mchovu ana haraka, na mwenye adabu hamuulizi mkongwe jina. Akasogeza magoti.

Bibi akagida maziwa kutoka kibuyu kilichokuwa ubavuni pake, akayasukutua mashavuni mpaka yakalia, akawarushia wote wawili magotini. Yalikuwa ya moto. Yalikuwa mazito. Yaliteremka kwenye miundi polepole, kama konokono anayejua aendako.

Mbithe ni Mkamba, na kwao haya hayamhusu. Akajipangusa hapo hapo kwa mkono wa sweta, akalivua sweta lenyewe akalitupa kichakani. Bibi akamtazama bila chuki.

"Wewe umekataa," akasema. Kisha akamgeukia Mkamburi, na sauti ikashuka. "Wewe usipanguse. Yaache yakauke yenyewe."

Mkamburi akarudisha gurudumu, akajaza upepo, akapanda baiskeli. Aliondoka kama jiwe la teo. Mwanamke aliyekuwa akilalamikia misuli tangu Mbuyuni, kabla hata ya Maktau, sasa anapanda mlima bila kuinuka kwenye kiti. Mbithe akamwita, hakugeuka. Ndipo Mbithe alipotazama nyuma kumuaga yule bibi. Upepo ulikuwa umeinua ncha ya leso.

Chini yake hapana miguu, ni udongo tu.

Pikapu ya kwanza iliyopita, Mbithe aliisimamisha, akapanda, akatapikia kreti nzima ya nyanya za watu.

Kaloleni, Mkamburi aliingia giza linaanza kutanda. Vigelegele, simu juu, Harrison amejikunyata kama aliyemwagiwa maji. Shida ilikuwa kushuka. Aliuzunguka uwanja wa kanisa mara tatu, nne, anacheka, kisha hacheki, mpaka wanaume wawili wakamkamata kiunoni. Hata hewani miguu iliendelea kuzunguka. Watu wakasema ni furaha.

Kesho yake Phineas, fundi wa baiskeli pale mtaani, akataka kubandua kile kiraka aweke cha duka. Kikagoma. Akakikwaruza kwa kisu. Chini ya mate makavu kulikuwa na ngozi, ina vinyweleo vyeupe, na alipokata ukingo, ikatoka damu. Ya moto. Phineas alinawa kwa sabuni ya unga hadi ngozi ikachubuka, na nyama hajagusa tena.

Magotini kwa Mkamburi mate hayakukauka. Alisugua kwa sabuni, kwa majivu, kwa maombi ya mchungaji. Ukifuta, yanachimbuka upya, manjano, na ile harufu ya maziwa inajaza chumba. Akiketi mezani vikombe vinatetemeka, kwa sababu miguu chini haitulii. Alhamisi iliyofuata Mbithe alimkuta barabara ya Mwatate, ile ile waliyotokea Taveta, peku, amekumbatia nguzo ya stima kwa mikono yote miwili. Kutoka kiunoni kwenda juu alikuwa Voi. Kutoka kiunoni kwenda chini alikuwa anaenda magharibi.

"Nishike, dadangu," alinong'ona. "Si mimi niliyefika siku ile. Na huyu aliyefika anataka kurudi kwake."

Harrison hafanyi mzaha tena. Jioni humfunga mkewe kitandani kwa leso mbili, vifundo vinne, kisha hutoka nje kukaa, pua amejiziba. Baiskeli aliikatakata mwenyewe kwa msumeno, akaitupa shimoni.

Lakini pita Kaloleni saa kumi na mbili na nusu jioni, simama karibu na dirisha lao. Utasikia mnyororo unazunguka... trrr... trrr... na kitu kinatiririka sakafuni, polepole.