Panya Aliyepelekwa Binza

Haya yalimpata Milembe, rafiki yangu tangu shuleni, anayetunza panya weupe kwenye maabara moja ya utafiti huko Bariadi. Panya wale wamezalishwa kaka kwa dada, vizazi zaidi ya ishirini, mpaka ngozi ya mmoja ukimbandika mwingine inashika kama yake mwenyewe.

Mchana huo mwenzake, Luhaga, alikuwa amempeleka panya mmoja shuleni Binza, mbali na pale, kuwaonyesha wanafunzi. Milembe akaingia peke yake kuwalisha arobaini waliobaki. Chumba chenyewe hakina dirisha. Akiwa bado anagawa chakula, umeme ukakatika.

Akasimama gizani, akiwasikiliza wakitafuna. Ghafla wakaacha, na kutoka vizimba vyote ukatoka mlio mmoja mkali, kama wa koo moja. Kisha ikaanza sauti ndogo ya kulamba.

Akawasha tochi ya simu. Panya wote arobaini walikuwa wameinua mguu wa mbele wa kulia, wanaulamba.

Simu ikaita mkononi mwake. Alikuwa Luhaga.

"Mwadila, dada," akasalimia kwa Kisukuma. "Nisamehe, nimeharibu. Mlango wa kizimba umembana panya mguu sasa hivi."

"Mguu upi?" Milembe aliuliza.

"Wa mbele, wa kulia. Subiri nimfunge kitambaa."

Milembe alisikia kitambaa kikichanwa kule Binza, halafu Luhaga akashusha pumzi.

"Haya dada, nimeshamfunga."

Chumba kizima, kulamba kukakoma kwa pamoja.