Nyuzi za Ubongo wa Kunegunda

Mgeni alipiga hodi asubuhi nyumbani kwa Athanasi, mtaa wa Lizaboni. Aliitwa Edna, muuguzi aliyehamishiwa Songea karibuni. Alikuwa akitafuta chumba cha kupanga.

Alimkuta Kunegunda, mke wa Athanasi, amelala mkekani. Mdomo umepinda. Mkono wa kulia hauinuki. Alitaka kujibu salamu, maneno hayakutoka.

Edna aliuliza yameanza lini. Athanasi alisema jana jioni. Alikuwa amemtumia habari shemeji yake, Pankrasi, kule Namtumbo. Ndugu wa mke wamwone kwanza, ndipo ahamishwe. Wasije wakamlaumu.

"Shemeji atamkuta hospitali, baba," Edna alisema. "Ubongo haumngoji."

Waliazima mkokoteni wa jirani wakampeleka. Daktari alisema ni kiharusi, na kwamba shinikizo la damu lilikuwa juu sana. Athanasi hakuelewa. Mkono hauna jeraha, mbona umekufa?

"Mkono ni mzima," Edna alimweleza. "Ubongo ndio ulioumia, kwa kukosa damu. Ndani ya chembe zake mna nyuzi nyembamba za protini. Zinaishika chembe kama fito zinavyoushika ukuta wa udongo. Damu ikipungua, nyuzi hukatika, chembe hubomoka."

"Zinajengwa tena?"

"Chembe zilizokufa, hapana. Zilizodhoofika tu huweza kupona, mgonjwa akiwahishwa."

Pankrasi alifika mchana. Alimtazama dada yake, akaanza kulia.

"Shemeji, mimi ni daktari? Ulikuwa unaningoja nifanye nini?"

Kunegunda alirudi nyumbani na vidonge vya shinikizo la damu. Alitembea kwa fimbo. Maneno yalikuwa machache. Kila Alhamisi alitakiwa hospitali kwa mazoezi, ili sehemu nzima za ubongo zijifunze kazi ya zile zilizokufa. Athanasi alimwahidi kumpeleka kila mara. Huko Namtumbo, Pankrasi aliwaambia watu: mdomo ukipinda ghafla, au mkono ukilegea, hospitali kwanza, ndugu baadaye.

Alhamisi moja lori la wanunuzi wa mahindi lilisimama mtaani, na Athanasi alikuwa na magunia ya kuuza. Siku hizo wafanyabiashara walikuja walipotaka, wakaondoka walipotaka.

"Fukusi watakula magunia yako, bwana," jirani yake Swalehe alimwambia. "Mama ataenda wiki ijayo."

Kunegunda alikuwa mlangoni, amekwisha kuvaa viatu kwa mkono mmoja.

"Nilimwahidi tutaenda leo," Athanasi alisema.

Alimshika ule mkono mlegevu. Walitembea polepole. Kabla hawajafika hospitali, lori liliwapita, limejaa. Kunegunda alilitazama, kisha akaminya vidole vya mumewe. Kidogo tu, lakini aliminya.