Chumba cha Nyuma Kiache

Nyumba nzima ilikuwa kavu isipokuwa chumba cha nyuma. Pale karibu na dirisha sakafu ilibaki na doa la maji, pana kama sinia, na huo ulikuwa mwezi wa nane, Shinyanga hii ambayo hata kisima kinaona kiu. Fundi Boaz alilifuta mara tatu. Lilirudi, likinuka udi.

Eufrasia, ambaye mtaa mzima wa Kambarage ulimwita Mama Nelly, alikuwa anaiuza nyumba hiyo. Mumewe Nkwabi, mwenye duara, shimo la kuchimbia dhahabu, kule Geita, alifariki mwaka uliopita. Eufrasia hakutaka kitu kingine duniani ila kumchukua binti yake wa miaka tisa warudi kwao Nkome, maana Nelly alikuwa ameanza kukonda hivi hivi, bila homa wala kikohozi.

Cha kutengeneza kilichaguliwa na dada yake, Salome, mwenye duka Isaka. Huyo biashara aliijua, msimpunje sifa. Alipita na Boaz chumba kwa chumba: mabati yenye kutu yabadilishwe, choo kiwekwe vigae, ukuta wa mbele upakwe rangi, jiko lisiguswe kwa sababu mnunuzi atalivunja tu. Ushauri wa maana kabisa. Ila chumba cha nyuma alisema kiachwe, kitiwe kufuli, kukitengeneza hakulipi. Eufrasia akashukuru. Dada wa tumbo moja, nani angemtilia shaka?

Siku mabati yalipokwisha kupigiliwa, saa saba mchana, jua la utosi, kukasikika kugonga kwingine chini kwa chini. Ko, ko, ko. Choo kilipokamilika, kugonga kukasogea karibu. Boaz akasema labda ni majirani. Majirani gani chini ya ardhi, jamani? Na siku ukuta wa mbele ulipong'aa, Eufrasia alimkuta Nelly amelala kifudifudi kwenye mlango wa kufuli, sikio sakafuni, anatabasamu, midomo imemkauka, ananuka udi mwili mzima, na alipomwinua akamwona mwepesi kuliko kuku, mwepesi hata akaogopa kumkumbatia, na mtoto akamnong'oneza kama anayetoa siri nzuri:

"Baba anachimba. Amesema amebakiza kidogo tu anifikie."

Kesho yake mnunuzi akaja, Nazir, muuza vifaa vya ujenzi. Akasifu mabati, akasifu choo, akasimama mbele ya kufuli. Akasema kwa upole kwamba nyumba yenye chumba asichokiona hainunui, hata apewe kwa nusu bei. Safari hii Eufrasia hakumpigia dada yake simu. Alimwambia Boaz avunje sakafu.

Sururu ilipopiga mara ya nne, kugonga kule chini kukakoma, na ukimya ule ukawa mbaya kuliko kelele, kwa sababu ulikuwa ukimya wa mtu anayesikiliza, na Boaz akatoa chungu kidogo kilichozibwa kwa nta, ndani mchanga wa dhahabu uliolowa, na juu ya mchanga kifundo cha kitambaa cha bluu. Eufrasia alikijua kabla hajakifungua. Siku Nelly aliponyolewa nywele za kwanza, yeye mwenyewe alichana pindo la kanga yake akazifunga, kwani nywele za mtoto mchanga hazitupwi ovyo, akampa mtu mmoja tu akazitose ziwani Nkome. Mtu huyo ni Salome. Na Salome alirudi akasema ameshazitosa.

Salome alifika kwa basi jioni ile ile. Kwa mara ya kwanza maishani, mdogo wake hakumwamkia. Alikiweka kifundo mezani.

"Nkwabi ndiye aliyeniomba hizo nywele," Salome alisema. "Duara lilikuwa halitoi kitu. Alisema ni za kumfunga jini wa dhahabu tu, kumlisha atamlisha yeye mwenyewe, mtoto hataguswa."

"Na alipokufa?"

"Nilijua mtahama, yataisha yenyewe."

"Duka la Isaka ulilipata lini, dada?"

Salome akainama. Alisema ni Nkwabi aliyemfungulia, mwezi ule ule alipompa zile nywele.

Kikulacho ki nguoni mwako, na hapa kilikuwa kwenye pindo la kanga. Nkwabi, Eufrasia angeweza kumsamehe, mashimo huwapa wanaume wazimu. Lakini Salome ndiye aliyemsuka nywele tangu utoto.

Alfajiri Salome aliondoka bila kuaga, akasahau kitana chake bafuni.

Mganga Paskazia aliletwa mchana. Alinusa chumba, akasema jini aliyepewa nywele za mtu hatoki mikono mitupu: zikitoka hizi, ziingie nyingine, naye atamfuata mwenye nazo. Akauliza ziwekwe za nani. Eufrasia akaweka kitana mkekani. Mganga akaanza kuzitoa nywele menoni, moja moja.

Jioni doa lilikauka. Nelly akaomba ugali, akala, akaongeza. Wiki haikuisha Nazir akawa na funguo zote.

Mwezi wa kumi, Nkome, Eufrasia alikuwa anageuza dagaa juani wakati simu ilipoita. Salome alinong'ona kwamba chumba cha stoo dukani kimelowa, kinanuka udi, na kuna mtu anagonga chini, anamwita shemeji kwa sauti ya Nkwabi, kila siku karibu zaidi.

"Nivunje sakafu, mdogo wangu? Nishauri."

Eufrasia alimtazama Nelly akikimbizana na wenzake, mashavu yamejaa.

"Kiache, dada," alisema. "Tia kufuli. Kukitengeneza hakulipi."