Mtoto Aliyevushwa Juu ya Jeneza

Jumanne iliyopita nilikuwa kwenye kibanda changu karibu na daraja, nasuka kikapu, siku ya kawaida kabisa. Jua lilikuwa limetulia na biashara imelala. Mwanamke mmoja mgeni akatoka duka la jirani amekumbatia kitabu kikubwa. Duka hilo huuza vitabu vya Karolina Kusini tu: historia ya jimbo letu, vita vyake, mapishi yake, mizimu yake, nyimbo zetu, makaburi yetu, hata ile rangi ya buluu tunayopaka milango. Sisi watu wa visiwani tumeandikwa sana. Ukitusoma utadhani tulikwisha kufa zamani.

Mgeni akafungua ukurasa, akaniuliza kama mambo hayo ni kweli. Ilikuwa picha ya nyeusi na nyeupe. Jeneza limewekwa juu ya magogo, upande huu mama mmoja mnene, upande ule kijana mwenye koti lililombana, na kati yao, juu ya jeneza, mtoto mchanga mikononi. Maandishi ya chini yanasema watu wa visiwa humvusha mtoto juu ya jeneza la mzazi wake ili marehemu asimrudie. Nikamwambia ndiyo, ni kweli. Akasema ni picha nzuri sana. Alipoomba nimpunguzie bei ya kikapu sikumpunguzia hata senti. Mama mnene ni mama yangu mzazi, yule kijana ni shemeji yangu Ezekieli, na ndani ya jeneza yumo dada yangu Korina.

Mwandishi wa kitabu alikuwa Bwana Tolliver, Mzungu mpole kutoka mji mkuu wa jimbo. Alikuja kisiwani kabla daraja halijajengwa, na mashine ya kunasa sauti begani, akikusanya habari za kitabu kikubwa cha urithi wa Karolina Kusini. Alikula wali wetu mwekundu na kamba bila kuchaguachagua, na Mama akampenda. Vitabu vya shule, Mama alikuwa akisema, vinausifu mpunga wa jimbo hili na kusahau mikono iliyoulima. Basi kijana huyu akitaka kuandika na aandike, wajukuu wasije wakatuambia tulikuwa tunaota.

Korina alikufa mwanawe Luvenia akiwa bado mchanga, hata shingo haijakaza. Homa ya uzazi ilimpata, na kivuko hakikuwahi kumfikisha hospitali. Ezekieli mumewe, ambaye ni seremala, alitengeneza jeneza kwa mikono yake na hakumruhusu mtu kushika hata msumari.

Siku ya mazishi tulimvusha mtoto kama ilivyo ada. Ezekieli alisimama upande wake wa jeneza, Mama upande wa pili. Ezekieli akampitisha mtoto juu ya jeneza, Mama akampokea, akamwita kwa jina: "Luvenia, njoo kwetu." Basi, kwisha. Tulikuwa tunajiandaa kulishusha jeneza tukamwona Bwana Tolliver anakuja mbio, viatu mkononi, matope hadi magotini. Kivuko kilikuwa kimemchelewesha. Aliutazama uso wa Mama, naye akalia kidogo, kilio cha kweli. Kisha akaomba, kwa adabu zake zote, kama tungerudia mara moja tu apige picha. Hakuna kitabu katika jimbo zima chenye picha hiyo.

Watu wakamtazama Mama. Mama, macho yamevimba, akaitikia kwa kichwa. Akampitisha mtoto, Ezekieli akampokea, kamera ikalia. Wimbo ukaanzishwa, na dada yangu akashushwa.

Nikahamia kwa Ezekieli ili nilee. Mama alikaa nyumba ya pili tu, akaja kila mchana. Siku za mwanzo zilikuwa za kilio na nepi. Luvenia aliikataa chupa. Nilijaribu maziwa ya ng'ombe, nikajaribu ya kopo, nikajaribu uji mwembamba wa mahindi; alifumba mdomo na kugeuza uso. Lakini hakulia njaa. Hilo ndilo lililoanza kunisumbua, mtoto asiyekula na asiyelia.

Alasiri moja nilimlaza, nikatoka kuanika nguo. Niliporudi alikuwa macho, anatabasamu, na kidevuni alikuwa na tone la maziwa. Nikalipangusa kwa kidole. Lilikuwa baridi. Chupa ilikuwa jikoni, imejaa, sijaigusa tangu asubuhi.

Nikajiambia nimesahau, mtu mwenye msiba husahau. Kesho yake nikamfunga nepi, pini mbele katikati, kama ninavyofunga siku zote. Nikamlaza. Nikaketi na kikapu changu nje ya mlango wa chumba, siondoki. Hakuna aliyeingia. Dirisha lilikuwa limefungwa. Nikamsikia Luvenia anaguna, ule mguno wa mtoto anayenyonya. Akanyamaza. Akacheua.

Nikaingia. Alikuwa peke yake. Nepi ilikuwa nyingine, kavu, na pini ilikuwa ubavuni, upande wa kushoto. Ni Korina aliyefunga hivyo. Alikuwa akinitania kwamba pini ya mbele ni ya wanawake wasiojua watoto.

Sikupiga kelele. Nilimbeba mtoto. Alikuwa mwepesi. Mashavu yalikuwa ya mtoto aliyeshiba, lakini mikononi hakuwa na uzito, na miguu yake ilikuwa ya baridi ndani ya soksi za sufu.

Ezekieli aliporudi kutoka kazini nilimweleza yote. Nilitegemea ashtuke, au aniambie nimechanganyikiwa. Alivua kofia, akaitundika. Kisha akaniuliza kwa sauti ya chini, kama mtu anayeulizia wageni waliopita akiwa hayupo.

"Amekaa sana leo?"

Nilimkimbilia Mama na mtoto kifuani. Mama alimvua nguo, akampima kwa viganja vyake, akamnusa mdomo. Aliketi.

"Anamnyonyesha," akasema. "Maziwa ya wafu yanashibisha, mwanangu. Hayakuzi."

Nikabisha. Nilimwambia milango yote ya Ezekieli ina rangi ya buluu, na madirisha pia, na mzimu hauvuki buluu. Hilo hata vitabu vinaliandika. Mama akaniuliza nani aliupaka ule mlango. Korina aliupaka mwenyewe akiwa na tumbo kubwa, rangi hadi viwikoni, anaimba. Buluu huzuia mgeni. Huyu alikuwa anarudi kwake.

Kilichomtatiza Mama ni kwamba tulikuwa tumemvusha mtoto. Mtoto aliyevushwa haonekani tena na marehemu, hata apite mbele yake. Akawaza usiku kucha, sufuria inaungua jikoni hana habari. Mwishowe, asubuhi, akaniagiza nimwite Ezekieli. Akauweka ubao wa kupigia pasi katikati ya sebule, akamsimamisha mkwewe upande mmoja, yeye upande wa pili, akampa mto mdogo.

"Nipe kama ulivyonipa siku ile," akamwambia.

Ezekieli akaupitisha mto juu ya ubao. Mama akaupokea, akatamka jina. Kisha akasema, "Akaja Bwana Tolliver na picha yake." Naye akaupitisha mto, na Ezekieli akaupokea.

Tukautazama ule mto. Ulikuwa umerudi ulikotoka, mikononi mwa Ezekieli, upande wa mwanzo, upande wa jeneza ambako mtoto bado ni wa marehemu. Katika kilio chetu hakuna aliyekumbuka kumzungusha kwanza hadi upande wa Ezekieli, ili avushwe tena kutoka kule kule. Tulimvusha kwa ajili ya Korina, na tukamrudisha kwa ajili ya kitabu.

Mama alishika kifua. Akaanza kujilaani, kwamba yeye, mtu mzima, aliyevusha watoto wa nusu ya kisiwa, amefanya kosa la kitoto. Ezekieli hakumwacha aendelee.

"Mama, usijilaumu. Mimi nilijua."

"Ulijua lini?"

"Pale pale. Nilipompokea. Mikono yangu ilijua." Alikuwa bado ameukumbatia mto. "Nikanyamaza."

Mama hakumtukana. Mimi ndiye nilitaka kumtukana, na nilikuwa na maneno ya kutosha. Lakini nilimwona usoni, nikakosa hata moja. Huyu mtu alikuwa akitoka kazini kila siku anakimbia kuja kuketi kwenye ile nyumba, akisikiliza. Mimi nilidhani anamkimbilia mtoto.

Luvenia alikohoa kwenye kitanda, kikohozi kidogo kikavu. Alikuwa amelala na macho nusu wazi. Mama akasema hatafika Jumapili.

Tukaenda makaburini mchana huo huo, jua likiwa bado juu. Makaburi yetu yako ukingoni mwa maji, chini ya mialoni yenye ndevu za kijivu, ule mmea unaoning'inia matawini. Juu ya kaburi la Korina vilikuwepo vitu alivyovitumia mwisho: kikombe, kijiko, taa, vyote vimevunjwa kidogo kama inavyotakiwa. Hakukuwa na upepo. Hata mbu hawakuwepo.

Mama akavuka upande wake. Ezekieli akabaki upande huu, mtoto mikononi. Kumvusha peke yake hakutoshi tena, Mama alieleza. Marehemu ameshaonja kurudi. Lazima aambiwe aende. Na lazima aambiwe na yule aliyemwachia mlango.

Mtoto alianza kugeuza kichwa, taratibu, akifuata kitu ambacho sisi hatukukiona. Akatabasamu. Midomo ikaanza kunyonya, hewa tupu. Nikaona kidevu chake kinalowa.

"Ezekieli," Mama akasema.

"Siwezi, Mama."

"Mkwe wangu, mimi nimemzaa. Unadhani mimi sitaki arudi?"

Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Nilimtazama mama yangu amesimama kando ya kaburi la mtoto wake, mikono imenyooshwa, akiomba mtoto huyo afukuzwe. Sijaona kitu kinachouma kuliko hicho, na nimeona mengi.

Ezekieli akapiga magoti. Hakuangalia kaburi. Aliangalia mahali mtoto alipokuwa anaangalia, karibu kabisa, karibu na bega lake mwenyewe.

"Korina," akasema, "mimi ndiye niliyekuita. Mtoto hajakuita. Unamuua, mke wangu, na hujui. Nenda. Usije tena. Hata kwangu usije."

Akasimama, akamvusha. Mama akapokea, akaita, "Luvenia, njoo kwetu, twende," akageuka na kutembea, wala hakutazama nyuma. Na Luvenia akapiga yowe. Tangu mama yake afe hakuwahi kulia hivyo. Alilia njia nzima, mikono miwili ikinyooka nyuma ya bega la Mama, vidole vinafumba na kufumbua. Ezekieli alitembea nyuma kabisa. Hatukumwambia akaze mwendo.

Miguu ya mtoto ilipata joto kabla hatujafika nyumbani. Tungefurahi, lakini sasa njaa nayo ilikuwa ya kweli. Chupa hakuitaka. Kijiko hakukitaka. Alilia hadi sauti ikakauka, na Mama akaketi chini akasema tumemtoa kaburini ili tumzike kwa njaa. Nikamchukua. Nilimkumbatia kifuani ili tu asikie moyo wa mtu, sikuwa na lingine la kumpa.

Nikahisi gauni limelowa. Nikadhani ni machozi yake.

Mimi sijawahi kuzaa. Wakati ule sikuwa hata nimeolewa. Mama alinifungua vifungo, akaangalia. Yalikuwa maziwa, ya moto, yanachuruzika. Luvenia akashika ziwa na akanyonya kama mtoto aliyetoka safari ndefu. Daktari wa bara alikuja baadaye na jina refu la kitaalamu, akaondoka nalo. Bwana Tolliver tulimficha. Hilo hakuliandika.

Mtoto akanenepa, akawa mzito mpaka mkono ukaniuma. Pini zilibaki nilipozibana. Nyumba ilinyamaza. Kitu kimoja tu. Kila aliponyonya, Luvenia hakunitazama mimi. Watoto humtazama usoni anayewanyonyesha, kila mwanamke anajua. Yeye alitazama juu ya bega langu la kushoto, kwa utulivu, kama anayetazamwa.

Ezekieli aligundua. Tangu hapo, kila nilipokaa kunyonyesha, alikuja kusimama mlangoni, hakuingia. Aliuliza neno lile lile, kwa sauti ya chini.

"Anaangalia wapi?"

Nami nikamwonyesha kwa kidevu, juu ya bega langu. Basi alipatazama mahali pale mpaka mtoto akalala. Hakusema kitu kwa pale patupu, maana alikuwa ameshamwambia asije tena, hata kwake.

Luvenia alipoanza kusimama na kushika viti, maziwa yalikauka. Yalikuwepo asubuhi, mchana hayakuwepo. Nikampikia uji wa mahindi, nikatia siagi, nikamweka kwenye kiti chake. Ezekieli akarudi kutoka kazini, akaja kusimama mlangoni kama kawaida.

"Anaangalia wapi?"

Nilimtazama mtoto. Alikuwa amekishika kijiko kwa mikono miwili, uji hadi kwenye nyusi, anacheka.

"Anaangalia kijiko, shemeji," nikamwambia.

Akaketi pale pale kwenye kizingiti, na vumbi la mbao nguoni. Siku ya mazishi Ezekieli hakulia. Alilia siku hiyo.