Nani Alimvusha Nuri?

Jamani, ushawahi kusikia maneno yako mwenyewe... yale uliyomnong'onezea mgonjwa kitandani... yakitoka kwa mdomo wa mtu mwingine, na watu wanampigia makofi?

Mimi nimesikia. Tena mchana kweupe, nikiwa kwa kibanda changu cha PS, michezo ya video, hapa Malaba, pad mkononi.

Wateja walikuwa wamefungua live ya Facebook kwa TV. Jamaa amesimama kwa ukumbi fulani Busia mjini, suti ya bluu, na nyuma yake bango la mita nne limejaa mishale na majina ya wafalme.

"Miaka minne!" anasema. "Miaka minne nimepanga hadithi ya Ngome kutoka mwanzo hadi mwisho. Hakuna mtu Afrika Mashariki amefanya hii kazi!"

Makofi!

Kisha akainua daftari juu, akalifungua mbele ya kamera, akaanza kusoma.

Osukuku, taniboi, yaani utingo, wa lori la simiti, mtu wa miaka arobaini na kitu, akaweka pad chini. Akanigeukia.

"Madam... si huo ni mwandiko wako?"

Ulikuwa wangu.

Na huyo wa suti alikuwa Bwire. Mpenzi wangu wa miaka miwili. Asubuhi hiyo hiyo aliniaga ati anaenda Matayos kumwona mjomba wake mgonjwa.

Mayooo! Mjomba gani huyo anatibiwa kwa ukumbi!

Ngojeni niwarudishe nyuma kidogo ndiyo mnielewe.

Naitwa Vivianne. Nina kibanda cha michezo karibu na laini ya malori. Na nina ugonjwa mmoja unaitwa Ngome.

Ngome ni game ya zamani na mpaka leo bado inatoka. Jina lake la Kizungu ni refu, sisi hapa tunaiita hivyo tu. Ziko tisa. Ndani kuna wafalme, mazimwi, wachawi, na daraja moja la chumvi ambalo kila mtu anataka kulivuka.

Shida ni moja. Waliotengeneza hawakutoa hadithi kwa mfuatano. Ya kwanza kutoka ni ya sita kutokea. Ya tatu kutoka ndiyo mwanzo wa kila kitu. Ukicheza bila kujua, leo unamzika mzee, kesho unamkuta ni kijana anachumbia, unabaki umekodoa macho.

Na hapa mpakani games zinafika kwa bahati. CD moja imetoka Kampala, nyingine Mombasa, nyingine imekwaruzwa mpaka inakwama ukifika kwa zimwi.

Nikafanya nini? Malori yakikwama kwa foleni ya forodha, siku mbili, siku tatu, mataniboi wanajaa kwangu. Yeyote aliyewahi kucheza Ngome popote, nilimpa nusu saa bure. Malipo yake ni anisimulie.

Osukuku alinipa ya pili. Dereva mmoja wa Eldoret alinipa ya saba, mtu mzima na kitambi chake, na alilia akisimulia. Siwatanii.

Kupanga sasa ndiyo ilikuwa kazi! Nilikuwa nahesabu matao ya lile daraja. Kwa ya tatu kutoka, daraja lina matao saba. Kwa ya kwanza kutoka, mawili yamevunjika. Basi hiyo ya tatu ilitangulia.

Watu walinicheka. Ati msichana mzima anahesabu matao kwa TV! Lakini mtu wa Malaba anaelewa. Lori lililofika mwisho linaweza kuvuka kwanza. Unaangalia stempu, huangalii foleni.

Nikajaza madaftari manne makubwa.

Sikuwa nafanyia Facebook. Nilikuwa nafanyia mdogo wangu Roselyn.

Roselyn ana sickle cell, ugonjwa wa damu unaouma mifupa. Wazazi wetu walishatangulia, tumebaki wawili, nyumba moja ya kupanga. Maumivu yakimshika tunakimbia hospitali ya Nangina. Dawa wanampa, lakini dawa inachukua muda kabla ifanye kazi. Ule muda wa katikati ulikuwa wangu. Nilimshika mkono nikamsimulia Ngome, sehemu baada ya sehemu, kwa mpangilio wake.

Tukafika ya nne.

Mwisho wa ya nne, Malkia Selua anakimbia vita. Anamwacha mdogo wake Nuri, msichana mgonjwa, kwa lango la daraja. Anamwambia, "Ningoje."

Ya sita inaanza miaka mia moja baadaye. Nuri hatajwi. Hata jina!

Na ya tano? Ya tano ilitoka kwa Kijapani pekee, kwa kale kamashine kadogo ka mkononi. Foleni nzima, kutoka forodha mpaka Amagoro, sikupata mtu ameicheza.

Siku hiyo Roselyn alikuwa ameshikwa vibaya. Jasho. Meno yanagongana.

"Vivi... Nuri alienda wapi?"

"Tulia kwanza."

"Dadake alirudi? Niambie alirudi."

Nikamwangalia.

Ningesema sijui? Wewe ungesema hujui?

Nikatunga.

Nikamwambia Selua alirudi. Alitupa taji mtoni ili awe mwepesi. Akamkuta Nuri anahesabu mikokoteni inayopita ili asisikie mifupa. Akambeba mgongoni, matao yote saba, akimwimbia, na hakumshusha mpaka ng'ambo.

Roselyn alilala akitabasamu.

Kesho yake nikaiandika kwa daftari la tatu, kwa kalamu ile ile, bila alama yoyote kwamba hii ni yangu.

Najua mtaniuliza, si ungeangalia tu mtandaoni? Niliangalia! Mwaka uliofuata, nilipopata simu ya maana. Nikakuta mtu ameweka muhtasari wa ya tano.

Nuri alingoja pale langoni mpaka akafa. Selua hakurudi. Hata mjumbe hakutuma.

Nikazima simu. Daftari sikuligusa.

Na mdogo wangu alikua na hiyo hadithi. Kila akishikwa, anauma shuka na kusema, "Nuri alivushwa." Mimi naitikia, "Alivushwa." Miaka minne.

Haya. Turudi kwa mwizi.

Nilimpigia hapo hapo, ukumbi bado unapiga kelele.

"Bwire, hayo madaftari umetoa wapi?"

"Mrembo, wacha nikupigie baadaye."

"Umetoa wapi!"

"Vivi, usinipigie kelele. Yalikuwa yamelala tu kwa begi. Mimi ndiye niliona yanaweza kwenda mbali."

Akakata. Akaniblock kwa simu.

Nikakumbuka. Jumapili mbili zilizopita alikuja kwetu, nikamchinjia kuku, nikatoka kidogo kununua nyanya. Kumbe wakati mimi nachagua nyanya, yeye anachagua daftari!

Nikaandika kwa comments kwamba kazi ni yangu. Woi! Watu walinirarua.

"Ex mwenye wivu."

"Dada, rudi jikoni."

"Leta ushahidi ama nyamaza."

Na Bwire mwenyewe akajibu, kwa upole wa mchungaji: "Huyu alikuwa karani wangu. Mimi nasema, yeye anaandika. Tumwombee."

Karani! Watu elfu kumi na moja wakapenda hiyo comment. Nilihesabu likes zikipanda, nikashindwa kula.

Siku mbili nikazunguka kwa kibanda nikiongea peke yangu. Osukuku ndiye alinisimamisha, lori lao bado liko kwa laini.

"Madam, kwa hayo madaftari hakuna kitu unajua wewe, na yeye hajui?"

Nikavuta kiti.

Kilikuwepo.

Sasa hapa, wasomaji wangu, sitajipaka mafuta. Nilijua Roselyn anafuata page ya Bwire ya Ngome kila siku. Nilijua nikifungua mdomo, atasoma. Nilikaa kwa kiti nikafikiria uso wake, kabisa kabisa.

Halafu nikafikiria neno karani.

Jumapili saa tisa, Bwire akaingia live tena. Nilikuwa nimeblockiwa kwa page pia, kwa hivyo nikatumia akaunti ya Osukuku.

"Mwalimu, sehemu ya tano uliicheza kwa mashine gani?"

Akacheka. "Ile ndogo ya Kijapani, nilitumiwa na rafiki. Niliicheza mwanzo mwisho. Wacha niwaambie ukweli, Selua alipombeba Nuri mgongoni, mimi mwanaume nililia."

"Unaapa?"

"Haki ya Mungu!"

Nilikuwa nimeshaandika. Nikabonyeza tu.

"Hakuna mahali Selua anambeba Nuri. Hiyo nilitunga mimi, Vivianne, kando ya kitanda cha mdogo wangu akiwa mgonjwa. Ndani ya game Nuri aliachwa langoni akafa. Muhtasari huu hapa. Bwire ameapa kwamba alicheza kitu ambacho hakipo."

Dakika kumi hazikuisha. Jamaa mmoja wa Kampala aliyeicheza kweli akaweka picha ya Nuri amelala langoni, theluji imemfunika. Basi. Watu wakamgeukia Bwire.

"Ulilia wapi, boss?"

"Karani amekumaliza!"

"Tumwombee!"

Live ikakatika. Jioni hiyo page yenyewe haikuonekana. Akanipigia kwa nambari ngeni, sauti imekauka.

"Vivi, umeniua."

"Bado," nikamwambia, nikakata mimi mara hii.

Utamu wa hiyo siku, yawa! Nilinunua chipsi na soda mbili kubwa. Nikatembea mpaka nyumbani nikiimba. Wapita njia walinisalimia na mimi nikawaitikia wote, hata nisiowajua.

Roselyn alikuwa ameketi kwa mlango, simu kwa mapaja.

"Umeona?" nikasema. "Umeona vile mbwa amekimbia? Page ameifunga!"

"Nimeona."

"Shika soda."

Hakushika.

"Vivi. Ni kweli?"

"Kwamba aliniibia? Si wewe mwenyewe umesoma..."

"Nuri."

Nikaweka chipsi chini.

"Rose, ile ni game tu."

"Najua ni game. Sijauliza hiyo."

Akaweka simu chini.

"Hakuiba," akasema. "Mimi ndiye nilimpa."

"Ulimpa nani nini?"

"Madaftari. Siku ya kuku, ulipoenda kununua nyanya. Alisema ni surprise yako. Ati ataichapisha, jina lako liwe la kwanza. Nilimuuliza mara tatu. Akaapa. Nilipomwona na lile bango, niliogopa kukuambia."

Nikaketi kando yake.

"Kwa nini, Rose? Yalikuwa yako. Nilikuandikia wewe."

"Kwa sababu ya sehemu ya tano." Sasa alikuwa analia. "Nilimwambia aiweke mbele kabisa. Kuna watu wengi kama mimi, Vivi. Nilitaka wajue kuna mwenye alirudiwa."

Nikajaribu kumshika. Akarudisha mkono wake.

"Mimi niko hapa," nikasema. "Sijawahi kukuacha hata siku moja!"

"Hujaniacha. Nani amesema umeniacha?"

"Basi?"

"Basi kila nilipokuwa nasema Nuri alivushwa, na wewe unaniitikia... wewe ulikuwa unajua yuko pale langoni amekufa. Ulikuwa unaniangalia ukijua. Na ungeendelea kunyamaza hivyo hivyo, ningekushukuru. Lakini umenyamaza miaka yote hiyo, ukaja kuisema siku Bwire amekuita karani."

Nikaokota zile chipsi, nikaingia ndani.

Bwire nasikia siku hizi anatabiri mechi za mpira kwa page nyingine, na ana wafuasi. Watu wa sampuli yake hawazami.

Mimi nilipata haki yangu. Orodha ya Ngome sasa iko mtandaoni kwa jina langu, na watu elfu ishirini wananiita Mwalimu. Sehemu ya tano nimeirekebisha. Ni mistari miwili tu.

Wiki iliyopita Roselyn alishikwa tena. Tukafika Nangina, akadungwa sindano, tukabaki tunangoja dawa ifanye kazi. Nikavuta kiti karibu na kitanda, kama siku zote.

"Rose... nikusimulie?"

"Hapana."

"Hata ya saba? Ile ya dereva wa Eldoret?"

"Vivi, tafadhali."

Akageukia upande wa pili. Kwa kitanda cha jirani kulikuwa na mama mmoja wa Nambale, hatumjui, tulikuwa tumesalimiana tu tukiingia. Roselyn akanyoosha mkono kwake.

"Mama, nishikilie kidogo."

Yule mama akamshika. Hakuuliza kitu. Akaanza kumwimbia wimbo wa kanisani, polepole, na mdogo wangu akafunga macho.

Mimi nilikuwa pale pale. Hatua moja. Nimeshika pochi yake na kadi ya hospitali.

Ndugu zangu, haki yako ni yako, idai. Sikukatazi. Lakini kabla hujabomoa ukuta wa adui yako, zunguka kwanza upande wa pili uone ni nani ameuegemea.

Na usiseme mimi sikuzunguka. Nilizunguka. Nilimwona ameketi pale.

Nikabomoa tu.