Kosa la Adabu

Jumatatu ya tarehe 14 Juni, mwaka 2088, Mize binti Kombo alishuka asubuhi kwenye shamba la mwani la Micheweni akiwa na matamvua mgongoni. Kabla ya adhuhuri alipandishwa juu maiti.

Matamvua ndilo jina ambalo watu wa Pemba walikipa kile chombo, kwa kuwa kilifanya kazi ile ile ya matamvua ya samaki. Kilikuwa kipana kama sinia na chepesi kama mto wa usufi. Ndani yake mlijaa nyuzi nyembamba kuliko unywele, zikichuja oksijeni kutoka majini na kuipeleka kwenye kinywa, yaani ule mpira ambao mzamiaji huung'ata kwa meno. Mtu aliweza kushinda chini ya bahari hadi alasiri kama aliyekaa barazani kwake. Ilibidi iwe hivyo. Maji ya ufukweni yalikuwa yamepata joto, mwani ukaoza, na kinamama wakazihamishia kamba zao kwenye kina cha mita thelathini, kulikobakia baridi.

Kando ya kila mzamiaji aliogelea mwandani, mashine ya umbo la ngisi yenye taa mbili na mikono minne, kazi yake kubeba mavuno na kumwangalia mtu. Zamani kinamama walishuka wawili wawili. Mamlaka ya Mashamba ya Kina ikaona wawili ni wengi, mmoja na mashine wanatosha. Wakubwa waliopitisha jambo hilo hawajawahi kulowa hata vifundo vya miguu.

Kuhusu Mize, Mamlaka ilitangaza kwamba aliachia kinywa mwenyewe. Kosa la mzamiaji, basi, shughuli ikaishia hapo. Mumewe, Shaame Faki, alilisikia tangazo akiwa amekaa kwenye mkeka wa matanga.

"Mize aachie kinywa?" aliwauliza watu waliokuja kumpa pole. "Mize aliyekuwa akifunga sufuria, kisha anarudi kutazama kama kweli ameifunga?"



Miaka miwili ilipopita, binti yao Raya alimwekea baba yake chai mezani, akakaa, akasema, "Baba, nimepata cheti. Naanza Jumamosi ijayo. Kamba zile zile za mama."

Shaame alikiweka kikombe chini. Alijua kumkataza hakutafaa kitu, mtoto alikuwa na kichwa cha mamake.

"Utashuka na nani?"

"Na mwandani."

"Na mtu je? Wamepiga marufuku na watu?"

"Hawajapiga marufuku. Lakini mtu huyo lazima naye awe na cheti, na siku hizi nani anataka kushuka bure kumsindikiza mwenzake?"

"Mie," alisema Shaame.

Raya alicheka kwa mara ya kwanza tangu msiba. "Wewe? Baba, wewe ukioga tu unashika ukuta!"

Kesho yake Shaame alikuwa skuli ya uzamiaji, mzee wa miaka sitini na mbili aliyeishia darasa la tano, amesimama katikati ya vijana ndani ya vazi lililombana. Mwalimu wao alikuwa Thuwaiba, msichana mpole mwenye sauti ya chini.

"Shikamoo, mzee Shaame. Vazi linakaa vizuri?"

"Marahaba. Linakaa vizuri kwake lenyewe. Mie ndiye sina pa kukaa."

Alikuwa na maoni yake juu ya kila kitu. Mapezi ya miguuni yalimfanya atembee kama bata aliyekunywa. Miwani ilimvuta uso. Matamvua ndiyo hasa hakuyaamini. Ujanani aliwahi kuona mitungi ya hewa ya watalii, na aliisifu mbele ya darasa zima. "Mtungi ukiugonga unakwambia una nini ndani. Hili sinia utaligonga wapi?" Darasani, Thuwaiba alipoeleza shinikizo la maji kwa puto lililozidi kusinyaa kadiri lilivyozamishwa, Shaame ndiye aliyeomba arudiwe mara tatu, na mara ya tatu akaelewa, akafurahi kama mtoto. Hata cheti chenyewe alikidharau: hakikuwa karatasi bali taa ndogo kwenye kifundo cha mkono, ambayo mashine huiwasha kijani ikiridhika na mtu. "Nifaulishwe na ngisi!" alinung'unika. Hata hivyo alikwenda kila siku. Jioni Raya alimkanda mabega kwa mafuta ya nazi na kumfundisha kupumua.

"Usibane pumzi, baba. Ndiyo kanuni ya kwanza. Vuta, achia. Mbona unabana?"

"Nimezoea tangu msiba," alisema.

Ilibakia siku moja kabla ya Jumamosi. Bwawa la skuli lilikuwa na kina cha mita nne, na jaribio lilikuwa kuzunguka mara moja chini yake na mwandani peke yake. Shaame alishuka. Alivuta, akaachia. Kwa mara ya kwanza aliyaona maji yalivyo mazuri yakitazamwa kutoka ndani, mwanga ukicheza sakafuni, na akawaza kwamba hiki ndicho Mize alichokuwa akikiona kila siku na akikosa maneno ya kumsimulia.

Mwandani akaja ubavuni kwake. Ndani ya sikio la Shaame ikasikika sauti ya mtoto wa miaka mitano, sita hivi, nyembamba na safi.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mwana—"

Maji yakamwingia kinywani. Alikirudisha kile kimpira haraka, akavuta, lakini hakukuwa na kitu cha kuvuta. Kifua kikagonga. Mikono ya Thuwaiba ikamdaka kwapani na kumpandisha.

Alikaa ukingoni akikohoa. Wanafunzi wawili walikuwa wakicheka.

"Usione haya, mzee wangu," Thuwaiba alisema akimfunika taulo. "Karibu kila mtu hukosea hapo. Sisi tunaliita kosa la adabu."

"Hewa imekwenda wapi?"

"Kinywa kikiachwa, matamvua hudhani umeshafika juu, yanajifunga ili nyuzi zisikauke. Kufunguka tena huchukua kama dakika nzima. Hapa nakuwahi. Kule chini... Ndiyo maana tunawazoesha kutoitikia. Mtoto akisalimia, unanyamaza. Ni siku chache tu, mtu anazoea."

Shaame aliacha kujifuta. "Na hiyo sauti imeanza lini kusalimu?"

"Ni mpya mpya. Kabla yake waandani walikuwa kimya, kinamama wakilalamika kwamba wanatisha. Wakubwa wakataka kitu cha kuwafanya wapendwe. Wakarekodi mtoto." Thuwaiba alifikiri kidogo. "Iliwashwa mwaka juzi. Mwezi wa sita. Jumatatu, nakumbuka, kwa sababu—"

Alikuwa amekumbuka huyu mzee ni mume wa nani.

Mize alipata cheti chake miaka kumi na moja kabla ya hapo, wakati mashine bado hazisemi. Hakuna aliyemzoesha. Asubuhi ile, akiwa ameinama kwenye kamba zake, mtoto alimwambia shikamoo, na yeye akafanya kile alichokifanya maisha yake yote mtoto akimwamkia.

"Kinamama waliambiwa kwamba itasema?" Shaame aliuliza polepole.

"Sijui, mzee wangu. Wallahi sijui. Mimi nilikuwa bado mwanafunzi."

"Kosa la mzamiaji," alisema Shaame, na safari hii hakupandisha sauti. Wakubwa wenye macho makavu walikuwa wamempa maiti wa mkewe lawama ya kubeba hadi kaburini.

Thuwaiba alikuwa akilia. Akasema wanaweza kuahirisha jaribio hadi mwezi ujao.

"Binti yangu anashuka kesho," alijibu Shaame, akaung'ata mpira.

Alizunguka bwawa. Mtoto alimwamkia mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, kwa sauti iliyozidi kunyenyekea, kama mtoto anayedhani hakusikiwa. Shaame aling'ata hadi taya zikamuuma. Taa ya mkononi ikawaka kijani. Hakuwahi kujiona mtovu wa adabu namna ile.

Jumamosi walishuka pamoja, baba na binti. Mita thelathini chini mwani ulisimama safu kwa safu kwenye kamba zake, ukiyumba taratibu, na Raya akamwonyesha kwa kidole mafundo ya zamani. Shaame aliyatambua. Mize alifunga hivyo hivyo kila kitu nyumbani, mara mbili, kisha na ya tatu. Alilipapasa fundo moja kwa dole gumba. Waandani wakasogea. Shikamoo, babu. Shikamoo, dada. Raya alimshika baba yake mkono, akaubana, na wote wawili wakanyamaza hadi sauti zilipokoma.

Walipopanda juu, mashua ya skuli ikiwasubiri, Raya alitema mpira na kukaa ukingoni, mapezi yangali miguuni.

"Thuwaiba kaniambia," alisema. "Jana."

"Nilitaka nikwambie mwenyewe."

"Mwezi mzima huu nimejifunza kunyamaza, baba. Juzi mtoto wa jirani kaniamkia mlangoni nikampita tu. Kabaki ananitazama." Alifuta uso kwa kiganja. "Mama hakujua. Alidhani kuna mtoto kule chini. Peke yake, kizani, anamwamkia."

Shaame alimvua mapezi, la kwanza, kisha la pili, kama alivyokuwa akimvua viatu utotoni, akirudi chuo cha Kurani.

"Kama ungeweza kumtahadharisha, baba," Raya aliuliza, "ungemwambia asiitikie?"